Farasi Watano wa Mahari

Prai Mbaku, Lewa
9 Februari 1986

Mwanangu Rambu Hoki,

Kabla ya lolote, chukua tambuu utafune. Najua karatasi haitafuniki, lakini sitaki useme Baba Mkubwa wako ameanza kukuandikia kama karani wa wilaya.

Sisi wote wazima. Mvua imenyesha wiki tatu bila kupumua, na paa la mnara wa nyumba yetu linavuja palepale linapovuja kila mwaka. Mama yako amemaliza kufuma kile kitambaa chenye picha za farasi wekundu. Amekifungia sandukuni na hataki kusema ni cha nani. Mama Mkubwa wako magoti yanamsumbua, ulimi haumsumbui hata kidogo. Farasi wako Wulang ana mimba ya miezi minane, amenenepa mpaka lango la zizi anapita kwa kujibana. Nikitaja jina lako anageuza masikio.

Sasa neno lenyewe. Mwezi wa saba mnafunga chuo. Nataka urudi nyumbani, tena urudi na vitu vyako vyote. Kuna jambo la ukoo. Miaka mitatu na nusu ya kusomea mavi ya farasi inatosha. Babu yangu alikuwa na farasi mia mbili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwomba cheti. Juzi sokoni jirani yetu Umbu Manggana aliniuliza mbele za watu, "Eti ni kweli binti wa marehemu ndugu yako anaingiza mkono kwenye matako ya ng'ombe huko Java, na mnalipa ada kwa ajili hiyo?" Watu wakacheka. Nami nikacheka. Njiani kurudi sikucheka.

Wewe ni Rambu, binti wa nyumba yenye mnara. Jina hilo hukupewa ili ulivalishe gambuti.

Ni mimi Baba yako Mkubwa,
Umbu Ndilu


Surabaya
16 Machi 1986

Baba Mkubwa, shikamoo.

Barua yako imefika ikinuka kopra. Nadhani meli iliizungusha visiwa vyote kabla ya kunikumbuka. Tambuu nimeipokea, nimetafuna, nimetema. Sasa tuzungumze.

Mimi mzima. Mama mwenye nyumba ninayopanga bado anaamini watu wa Sumba hula mbichi kila kitu, na kila jioni ananipikia wali mwingi ili nisimle yeye. Mwambie Mama Mkubwa magoti ayakande kwa maji ya moto, na ulimi pia akitaka. Asubuhi tunakwenda na mwalimu wetu, Daktari Suwarni, kuwatibu farasi wa vigari pale sokoni. Nusu yao ni wa kwetu. Nikiwasemesha kwa lugha ya nyumbani wanainua vichwa kama wafungwa waliosikia jina la kijiji chao. Daktari Suwarni huniachia wale wakorofi. Anasema, "Hoki, huyu ni ndugu yako, shughulika naye."

Unasema kuna jambo la ukoo. Lina jina? Jambo lisilo na jina mimi silifungii mizigo.

Na kuhusu mkono wangu. Umesahau nani aliyeuingiza mara ya kwanza? Nilikuwa na miaka tisa. Mama yake Wulang alikuwa amelala ubavu tangu alfajiri, mguu mmoja wa mtoto uko nje, mwingine umekunjika ndani. Mlisimama wanaume saba mkibishana kama ni mizimu au ni majani mabichi. Mikono yenu yote minene. Wewe ndiye uliyenishika kwapani ukanipaka mafuta ya nazi mpaka begani. Ulisema, "Tafuta goti, Hoki. Ukilipata, usiliachie." Mama yake alikufa adhuhuri, lakini Wulang alisimama kwa miguu yake kabla ya jua kutua, na mimi nikalala naye kwenye majani, hakuna aliyeweza kunitoa.

Goti nililipata, Baba Mkubwa. Mpaka leo sijaliachia. Ukitafuta wa kumlaumu, chukua kioo ujitazame.

Hoki


Prai Mbaku
20 Aprili 1986

Mwanangu,

Huku salama. Mvua imekatika. Nguruwe mkubwa amezaa kumi na mmoja. Mama yako anakusalimu, kadhalika Mama Mkubwa, ambaye amesikia habari ya ulimi na ana majibu yake, lakini nimekataa kuyaandika kwa sababu mimi ni mzee wa kanisa.

Habari za miaka iliyopita, mtu mzima hakumbuki kila kitu.

Jambo la ukoo utalijua ukifika. Mtoto haulizi mlango unafunguliwa na nani, anaingia.

Kwa kuwa umesoma, nikuulize kitu kidogo. Kuna farasi wa jirani anayekula vizuri, kwa pupa kabisa, lakini anakonda. Leo ana homa, kesho hana, keshokutwa anayo tena. Amevimba chini ya tumbo kama aliyefungiwa mto. Wazee wanasema ni hasira ya mababu, kuna madhabahu yao iliyosahaulika. Ungekuwa wewe ungesemaje? Nauliza kwa ajili ya jirani tu.

Umbu Ndilu


Surabaya
11 Mei 1986

Baba Mkubwa, shikamoo.

Samahani kwa mwandiko. Kuna baridi huku na vidole vimekufa ganzi.

Jirani yupi? Upande wa mashariki tumepakana na Umbu Manggana, naye ana nyati watupu. Upande wa magharibi ni makaburi. Marehemu hawafugi.

Mwambie huyo jirani anijibu haya bila kuzunguka. Fizi za farasi ni nyekundu au zimepauka? Akigeuzwa ghafla, miguu ya nyuma inapishana kama ya mlevi? Wameugua wangapi? Pange ni wengi mwaka huu? Na kubwa kuliko yote: kuna farasi wageni walioingia zizini kabla ya homa kuanza, na wametoka wapi?

Nimemkabidhi baharia mmoja wa kwetu kisanduku. Ndani mna vipande vya kioo, sindano, na chupa ndogo ya spiriti. Siku farasi akiwa na homa, mchome ukingo wa sikio, tone moja liweke kwenye kioo, lisambaze kwa ukingo wa kioo kingine mpaka liwe jepesi kama ukungu. Acha likauke kivulini, kisha dondoshea spiriti. Funga kila kioo kwa karatasi yake na uandike ni cha farasi gani. Spiriti isinywewe. Namjua Mama Mkubwa hanywi. Sijamtaja mtu mwingine.

Wagonjwa watengwe sasa hivi. Washeni moshi wa mavi makavu asubuhi na jioni, pange wasitue. Pange ananyonya kwa huyu anahamia kwa yule, mdomo wake ukiwa bado na damu.

Na umenipa habari za nguruwe kumi na mmoja. Wulang hukumtaja. Si alipaswa kuzaa mwezi huu? Hajambo?

Hoki


Prai Mbaku
8 Juni 1986

Mwanangu,

Sisi hatujambo. Mahindi yamepatikana. Binti wa Umbu Manggana ameolewa kwa fujo za kutosha, na watu walicheza ngoma mpaka sakafu ya mianzi ikapasuka wakaangukia nguruwe.

Baridi gani ya Surabaya? Nilifika Surabaya mwaka wa sitini na tatu na farasi arobaini melini. Mji ule unatoa jasho hata kwa mawe. Na ule si mwandiko wako. Herufi zimelala upande kama paa lililopigwa na upepo. Kama kuna mwanamume anayekuandikia barua, nataka jina la baba yake.

Vioo hivi hapa, kumi na kimoja. Nimewatoa damu mwenyewe. Yule mweusi aliniuma begani. Umbu Manggana alisimama ukutani akauliza, "Ndilu, siku hizi unatoboa farasi masikio? Hereni utawanunulia lini?" Nilimjibu kwa maneno ambayo mzee wa kanisa hasemi.

Fizi zimepauka. Miguu ya nyuma inapishana. Pange ni wengi. Wameugua tisa. Swali la mwisho usiniulize tena.

Mama yako anasema ule vizuri.

Umbu Ndilu


Surabaya
27 Juni 1986

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Salamu zote nimezipata, nami nawasalimu wote. Leo sina moyo wa kuzirefusha.

Hakuna mwanamume. Farasi wa gari alinipiga teke mwezi wa nne, mkono wa kulia ukavunjika juu ya kiganja. Niliandika kwa kushoto. Sikusema kwa sababu nilijua ungesema, "Si nilikwambia?" Haya, sema. Nimeshatoa plasta.

Vioo nimevitia rangi na kuvitazama kwa hadubini, mimi kwanza, kisha Daktari Suwarni. Alitazama kidogo tu. Akaniachia kiti akasema, "Watazame vizuri, Hoki. Vitabuni hawatembei." Hata hapa hawatembei, wamekaushwa, lakini wamelala katikati ya chembe za damu kama viluwiluwi waliokunjika, kila mmoja na mkia wake. Ugonjwa huu huku wanauita surra. Si mizimu wala madhabahu. Ni vijidudu vya damu, na pange ndiye anayewabeba. Asiyetibiwa hukonda mpaka aanguke. Aliyewahiwa hupona kwa sindano.

Sasa sikiliza. Vioo sita umeviandika kwa majina ya farasi wetu: Mweusi, Kijivu, Mama Tembe, na wenzao. Wanne kati yao wanao. Vioo vitano umeviandika "mgeni wa kwanza", "mgeni wa pili", mpaka wa tano. Wageni wote watano wanao, tena kwa wingi.

Mkono wako umesema kile mdomo wako ulichokataa. Farasi watano hawaji kutembea, Baba Mkubwa. Farasi watano, mama kufungia kitambaa sandukuni, jambo la ukoo la mwezi wa saba: sikusoma hesabu nyingi, lakini msichana anajua anapohesabiwa. Ni watu wa nani? Umepokea mahari yangu bila kunitamkia hata neno, na mahari yenyewe imeleta kifo zizini kwako.

Na kioo cha Wulang hakimo. Nimefungua kila karatasi mara tatu.

Nakuja. Meli inaondoka tarehe nne. Daktari Suwarni amempigia simu bwana mifugo wa Waingapu, na bwana mifugo amekubali kuja nami Lewa na dawa. Siji kwa jambo lako la mwezi wa saba. Nakuja kwa farasi. Wenye hao watano waitwe waje, waambiwe ukweli, maana kama hawa wanaumwa, waliobaki kwao wanaumwa vilevile. Usipowaita wewe, nitawaita mimi.

Hoki


Prai Mbaku
11 Julai 1986
(imeachwa kwa mama yake)

Mwanangu,

Ukisoma hii utakuwa umeshafika, umeshakula, na mama yako ameshakulilia. Mimi nimekwenda Waingapu kwa shughuli za kanisa. Zitachukua siku kadhaa.

Wageni ni wa nyumba ya Umbu Nggaba, wa kusini. Kijana anaitwa Umbu Rihi. Ni mtu mpole na anapanda vizuri. Walileta watano mwezi wa pili, kwa kufunga neno la posa, ishirini wangefuata. Nilidhani ukiona farasi ishirini na watano kwa mpigo utasahau Java. Nilikujua hivyo tangu ukiwa mtoto: ukiwa na hasira, tulikuwekea farasi mbele.

Wulang. Niliwafunga wageni pamoja naye ili wazoeane. Nilisema moyoni, huyu ni wa Hoki, nao ni wa Hoki, wakae pamoja. Alianza kuvimba baada ya Pasaka. Alitupa mimba tarehe 29 Aprili, naye akafa siku ya pili yake, amesimama, ameegemea ule mkwaju wa langoni. Nilimshika kichwa. Nimemzika, sikumpa mtu nyama yake. Watu wamenisema sana kwa hilo.

Usinitafute Waingapu.

U.N.


Prai Mbaku
19 Julai 1986

Kwa Umbu Ndilu,
mzee wa kanisa mwenye shughuli nyingi, Waingapu

Baba Mkubwa, shikamoo.

Mama hajambo, Mama Mkubwa hajambo. Ameniambia nikuandikie kwamba kanisa la Waingapu lilijengwa na watu wenye magoti mazima kuliko yake na halijawahi kukuhitaji. Paa bado linavuja.

Barua yako niliisoma nimekaa kwenye kaburi la Wulang. Sitaandika lolote juu ya hilo. Najua ulimshika kichwa. Hayo yanatosha kwa leo.

Nakuandikia yaliyotokea, kwa sababu yalipaswa kukukuta wewe.

Tulianza Jumatatu, mimi na bwana mifugo na Mama, ambaye hajawahi kukanyaga ndani ya zizi tangu Baba afe. Alishika hatamu kama aliyeziacha jana. Dawa inaingia kwenye mshipa wa shingo, polepole. Ukiharakisha farasi anaanguka. Mkono wangu wa kulia bado dhaifu, kwa hiyo nilishika sindano kwa kushoto na nikamchoma Mweusi mara nne kabla ya kuupata mshipa. Hakuniuma. Alikuwa amechoka hata kuuma. Mpaka Jumatano tulikuwa tumewamaliza wa kwetu wote. Kijivu hakuweza kusimama tena. Nilimpumzisha mwenyewe, kwa sindano ya mwisho.

Alhamisi, jua likiwa utosini, wakaja. Mshenga mbele na mkuki wake, wanaume wanne nyuma, wote wamevaa vitambaa vya sikukuu. Hukuwaambia wasije, Baba Mkubwa! Walikuja kupanga siku. Waliniona nimepiga magoti chini ya farasi wao, nina damu mpaka kiwikoni, gambuti miguuni.

Mshenga akamuuliza bwana mifugo, "Umbu Ndilu yuko wapi? Tumekuja na neno la Rambu."

Nikasema, "Neno la Rambu analo Rambu mwenyewe. Karibuni. Msisimame nyuma ya huyo, anapiga."

Akanitazama tangu kichwani mpaka kwenye gambuti. "Huyu?"

"Ndiye huyuhuyu."

"Na hapo unafanya nini?"

"Nawachoma sindano farasi wenu."

Akapandisha sauti kama yuko jukwaani. "Mahari haichomwi sindano! Tangu enzi za mababu hakuna aliyesikia!"

"Mahari ina homa, mzee. Weka kiganja hapa uone. Weka tu, hang'ati."

Hakuweka. Aliyeweka ni yule kijana aliyekuwa wa mwisho kwenye mstari. Alimshika farasi nyuma ya sikio, mahali hasa panapotakiwa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kwetu wamekufa tisa."

Mshenga akamkata, "Rihi! Baba yako alisema nini?"

"Alisema nisiseme," akajibu. "Nimeshasema." Akanigeukia mimi. "Yule dume wa mbio tuliyemnunua melini ndiye aliyeanza. Tulipowaleta hawa watano walikuwa wazima machoni. Naapa. Hatukuleta maiti kwa makusudi."

Nilimwamini, na namwamini hata sasa. Nikamwambia, "Basi mshike kichwa, nimalizie." Akamshika. Tulimchoma wa pili, wa tatu, wa nne. Wa tano alikuwa amekufa alfajiri ile, nikamwonyesha mahali. Hakuna aliyesema kitu kuhusu harusi muda wote ule. Mshenga alikaa kwenye kivuli akatafuna tambuu yake mwenyewe, kitu ambacho najua kinamuuma mgeni, maana mwenyeji ndiye humpa.

Tulipomaliza nilinawa, nikasimama mbele yao. Nikasema: "Hawa wanne nimewatibu kwa sababu ni wagonjwa, si kwa sababu ni wangu. Bwana mifugo atawapima damu tena. Wakiwa safi watarudi kwenu, na neno lililofungwa nao nimelifungua leo. Simdharau Umbu Rihi. Simdharau mtu. Sikuulizwa."

Mshenga akacheka. "Tangu lini ndama anaulizwa? Mwenye zizi ni Umbu Ndilu. Tutamsubiri yeye."

Hapo ndipo Mama alipoteremka ngazi na kikapu cha tambuu. Unamjua, hata kuku hamfukuzi kwa sauti. Akakiweka mbele ya mshenga, akatengeneza popoo na chokaa vizuri, kisha akasema, "Tafuna, mgeni. Huyu nimemzaa mimi. Na mimi pia sikuulizwa. Ukimsubiri shemeji yangu, utasubiri na mimi nikiwa nimekaa hapahapa mbele yako, na kila siku nitakuambia neno hilohilo."

Aliyeinuka kwanza ni Umbu Rihi. Alichukua tambuu kwa mikono miwili, akamshukuru Mama, akaenda kumfungua farasi aliyempanda.

Kwa hiyo wamejua, lakini wamejua kwangu, na baba yake kijana hatamruhusu bwana mifugo kuingia zizini kwake kwa maneno ya msichana. Zizi lile lina farasi mia moja na themanini. Anayeweza kumkabili Umbu Nggaba ni mtu wa rika lake, ana kwa ana, aseme: wangu wamekufa, wako watakufa, fungua lango.

Mimi narudi Surabaya Jumamosi ijayo. Nilikulia mgongoni mwako, Baba Mkubwa. Ulikuwa unavuka mto wa masika na farasi asiye na tandiko, mimi nikiwa nimekushika shingo. Huyu anayejificha nyuma ya mahubiri huko Waingapu simfahamu, na sitaki kufahamiana naye.

Hoki


Waingapu
25 Julai 1986

Rambu Hoki,

Nimepata barua yako. Nimeisoma kwa sauti mbele ya mchungaji kwa makosa, nikidhani ni salamu tu.

Mdomo huo umeurithi kwa Mama Mkubwa, ingawa si damu yako.

Nimeazima farasi. Naondoka.

Umbu Ndilu


Surabaya
14 Septemba 1986

Baba Mkubwa, shikamoo.

Wiki ya saba hii sina habari. Huku tumeanza mwaka wa mwisho. Mkono umepata nguvu. Nimesema maneno makali, na sifuti hata moja. Lakini nataka kujua kama ulifika kusini, na kama ulirudi. Hata mstari mmoja. Hata matusi.

Hoki


Prai Mbaku
2 Novemba 1986

Mwanangu Hoki,

Usiseme nimenyamaza, kwanza niliugua, pili nilikuwa naona haya, tatu meli iliharibika. Panga hizo sababu unavyotaka.

Sisi wazima. Paa limeezekwa upya. Mweusi ameniuma tena, kwa hiyo amepona. Katika wale wanne wetu waliougua, watatu wako malishoni, na Mama Tembe ana mimba. Mama yako sasa anakwenda zizini kila asubuhi kutazama fizi zao, tena bila ruhusa ya mtu.

Nilifika kusini siku ya pili. Umbu Nggaba alinikalisha barazani akaleta kahawa, akaanza kuzungumza habari za mvua. Nikamwambia, "Nggaba, farasi wako wamekufa tisa." Akasema, "Nani kasema?" Nikasema, "Mizoga inasema, nimeinusa kutoka mtoni." Akasema nimetumwa na mtoto wa kike. Hapo nikasimama, barazani kwake, mbele ya wanawe na mshenga wake, na nikasema kwa sauti: "Ndiyo. Nimetumwa. Nimetumwa na daktari wangu. Nilikuwa na jike bora Lewa nzima, nikamuua kwa mikono yangu kwa sababu ya kuficha aibu. Wewe una mia moja na themanini. Una aibu ya kuwatosha wote?"

Alizungusha kikombe mkononi mpaka kahawa ikapoa. Kisha akamwambia Rihi akafungue lango.

Bwana mifugo amekaa kule mwezi mzima. Wamekufa kumi na wanane wengine, lakini kumi na wanane si mia moja na themanini. Wanne wa mahari walipimwa damu mara mbili. Niliwarudisha mwenyewe, kwa miguu yao, mchana kweupe, kila kijiji kikitazama. Umbu Manggana aliuliza kama natembeza maonyesho. Nikamwambia ndiyo, kiingilio ni kufunga mdomo.

Sasa neno lenyewe, na usikasirike kabla ya kulimaliza. Wiki iliyopita mshenga amerudi. Amekaa vizuri, amekula tambuu ya mama yako, ametaja habari za mababu, mwisho akatoboa: Umbu Nggaba anasema binti aliyeokoa farasi mia moja na sitini hawezi kuachwa aende nyumba nyingine. Hawasemi ishirini na watano tena. Wanasema hamsini, wote wamepimwa damu, na utafanya kazi yako upendavyo. Rihi, aliyekuja naye, alikuwa anatazama miguu yake. Nadhani hakutumwa na moyo wake, au labda ametumwa sana. Mimi si mtaalamu.

Sikupokea hata kamba. Nimewaambia wasubiri, kwamba safari hii nauliza kwanza.

Basi nakuuliza. Niwajibu nini?

Baba yako Mkubwa,
Umbu Ndilu


Surabaya
7 Desemba 1986

Baba Mkubwa, shikamoo sana.

Swali lako nimelisoma mara nyingi kuliko kitabu chochote mwaka huu. Nisalimie Mama, mwambie fizi njema zina rangi kama ya ndani ya mdomo wa mtoto. Msalimie Mama Mkubwa na magoti yake.

Jibu langu hili hapa, mpe mshenga kama lilivyo, usilipake mafuta.

Waje na farasi wote hamsini. Wafike asubuhi mapema mwezi wa nane mwakani, nitakapokuwa nimeshakula kiapo cha udaktari na nimerudi Lewa kufanya kazi. Nitawatazama fizi mmoja mmoja, nitawatoa damu, nitawatibu wagonjwa. Na jioni, Baba Mkubwa, kila farasi atarudi kwao, hatabaki hata mmoja wa mahari, na mimi nitanawa mikono nipande ngazi za nyumba yetu.

Hoki